Sajini Ajifunza Kuvuna Bangi

Bunlai alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko, akiimwagia michaichai maji aliyooshea mchele, pale mumewe alipoingia kwa mlango wa uani na kuuliza kama wali wa kunata umeiva. Khamsing alikuwa amefia gerezani kwa homa, zamani. Alivaa kaptula ya wafungwa, na miguu yake ilikuwa na vumbi la barabarani.

"Bado," Bunlai akasema. "Kaa mkekani. Na kuku wangu usiwaguse."

Akakaa. Akaeleza kwamba kufa hakufuti kifungo. Serikali iliporuhusu watu kupanda bangi majumbani, wafungwa wa bangi waliokuwa hai waliachiwa. Waliokufa walipewa ruhusa ya kutoka mchana, mradi warudi kabla ya jua kuzama.

Jirani yao Onsi akaja kuomba pilipili, akamtazama.

"Khamsing, umekonda."

"Chakula cha kule, dada."

Onsi akachukua pilipili zake akaenda.

Kando ya michaichai, kwenye mikebe ya rangi, Bunlai alikuwa na mibangi yake, ya dawa ya magoti na ya supu ya kuku. Alisema anataka kuikata kesho.

"Wee mwanamke! Ukiikata kesho utakunywa majani ya mbuzi." Khamsing akainuka, akaomba kioo cha kukuzia ambacho Bunlai hutumia kutungia uzi sindanoni. "Angalia nywele za ua. Nyeupe, zimesimama wima: bado. Zikiwa kahawia na kujikunja, anza kuwaza. Lakini nywele husema uongo. Tazama hivi vitone vya utomvu. Viking'aa kama maji, acha. Vikiwa vyeupe kama tui, subiri kidogo. Ukiona vichache vimeanza rangi ya asali, lete mkasi."

Uso ukamkunjamana. "Yangu ilikuwa karibu kabisa. Thawin akaing'oa mbichi."

Katika miaka yote ya kufa kwake, hilo ndilo lililokuwa likimuuma.

Thawin ndiye sajini aliyemkamata. Sasa alikuwa amestaafu, ana banda la nailoni refu kama ukumbi wa hekalu, limejaa bangi, na bango barabarani lenye picha yake akitabasamu. Tatizo lake lilikuwa mazoea ya kazi. Akiuona mbangi, mkono unamwenda, anaung'oa. Wanunuzi walikuwa wakimrudishia magunia, wakisema yananuka nyasi.

Habari za Khamsing zilipomfikia, akaja na kikapu cha matunda ya shokishoki, akaunganisha viganja kifuani kwa salamu.

"Kaka Khamsing, hujambo?"

"Nimekufa, Afande. Vinginevyo sijambo."

"Pole. Nilisikia."

"Alisikia!" Bunlai alikuwa akitwanga papai bichi kinuni. "Wewe si ndiye uliyempeleka?"

"Shemeji, ilikuwa kazi."

"Hata hii ni kazi," Bunlai akasema, akaongeza pilipili kwenye sahani ya mgeni.

Thawin alikula huku machozi yakimtiririka. Akasema yeye na mkuu wa gereza hupiganisha majogoo pamoja. Khamsing akimfundisha kuvuna, atamwombea aachiwe kabisa. Bunlai alitaka kwanza aape mbele ya mtawa. Lakini Khamsing alikwisha kuvaa ndala zake. Hakuweza kuvumilia kusikia kuna banda zima linang'olewa bichi.

Basi akawa anakwenda kila siku. Kila Thawin aliponyoosha mkono, Khamsing aliupiga kofi. "Bado!" Sajini akarudisha mkono mfukoni, akihangaika kama mtu anayeacha sigara. Hatimaye vitone vikashika rangi ya asali, wakavuna. Thawin akapata kombe la wilaya la bangi bora, akapigwa picha. Khamsing alisimama kando yake, ila pichani ilitokea kaptula peke yake.

Ahadi Thawin aliitimiza. Alikwenda gerezani, akarudi na jibu.

"Mkuu amekubali kwamba Khamsing hana kosa tena. Lakini kanuni inasema mfungwa huachiwa akiwa hai. Asiye hai hana mlango wa kutokea."

"Basi?" Bunlai akauliza.

"Basi wamempandisha cheo. Gereza nalo limeanza shamba la bangi, la kuuza. Khamsing atakuwa msimamizi. Ila ruhusa ya mchana imefutwa, maana shamba linamhitaji."

Khamsing alijitahidi kununa, akashindwa. "Shamba kubwa?" akauliza.

Bunlai alimfungia wali kwenye jani la mgomba, na samaki wa kuchoma. Khamsing alipofika mlangoni, Bunlai akamshika mkono, ambao ulikuwa baridi kidogo.

"Naweza kuja kukuona?"

"Wanaotembelewa ni wafungwa walio hai."

"Na nikifa?"

"Wewe huna kosa, Bunlai. Hawatakupokea. Utapelekwa kwingine."

Khamsing akaondoka kabla jua halijazama.

Msimu wa mvua uliofuata, redio ya duka la tambi ikasema serikali inafikiria kuipiga bangi marufuku tena. Onsi aling'oa yake siku hiyo hiyo, na majirani wengine wakafuata. Bunlai alikwenda sokoni akanunua mikebe zaidi, akapanda mbegu, akaipanga mikebe yote mbele ya nyumba, mahali polisi wanapopita.

Thawin akapita kwa pikipiki, akasimama.

"Shemeji, hiyo itakuletea matatizo."

"Ndiyo, Afande," Bunlai akasema, akausogeza mkebe mmoja karibu zaidi na barabara.