Alama za Trizah Zilizofungiwa Kawangware

Alama za mtihani wa Trizah zilikuwa ndani ya kompyuta, kompyuta ilikuwa ndani ya saiba ya intaneti, na saiba ilikuwa imefungwa kwa kufuli la mwenye ploti aliyekuwa anadai kodi. Vyuo vitatu vya Marekani vilikuwa vinazingoja, na mwisho wa kuzipokea ulikuwa siku hiyo hiyo.

Trizah ni binti yangu. Mimi ni fundi wa mbao mtaani Silanga, na shule niliiachia darasa la sita. Mtihani wenyewe, ule wa kuombea vyuo vya Marekani, alijisajilia tukiwa bado tunakaa Kawangware, kwa Kimotho wa saiba. Kimotho alimfungulia akaunti kwa barua pepe yake yeye Kimotho na namba yake ya simu. Hakuna aliyeshangaa. Mtaani ukitaka cheti cha polisi au mkopo wa chuo, mtu wa saiba anakufungulia kila kitu kwa jina lake, unalipa, unaenda.

Alama zilitoka nzuri hata akashindwa kula. Lakini kuzituma kunalipiwa, chuo kwa chuo, kwa hivyo tulingoja. Asubuhi hiyo mteja alinipa malipo ya mbao za kabati lake, nikayachukua, tukaenda Kawangware.

Kimotho tulimkuta nje ya saiba yake anachoma mahindi.

"Mzee, usiniangalie hivyo," alisema. "Hata mimi vitu vyangu viko ndani."

Trizah akamwomba neno la siri la akaunti. Hakulijua. Kompyuta ndiyo iliyokuwa inalikumbuka. Kulibadilisha kulitaka namba fulani itumwe kwa simu yake, na simu iliibwa. Laini nayo hakuweza kuirudisha, maana ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yake, na kaka yuko Qatar.

Tukamfuata Muiruri, mwenye ploti, dukani kwake Riruta Satellite, anakouza saruji na misumari. Nikamweleza yote. Nikamwomba dakika kumi tu.

"Dakika kumi zinatosha kubeba mashine na viti," alisema. "Huyo kijana amekaa kwangu bure miezi minne."

"Basi simama mlangoni utuangalie."

"Sasa fundi, mimi ni soja wako wa kulinda mlango?"

Wateja wakacheka. Trizah hakucheka. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi la saruji, na sketi yake ya kanisani. Muiruri akageuza uso, akamwambia asimame.

"Hata mimi nina wasichana," alisema. "Na wanasoma kwa hiyo hiyo kodi."

Nilimwelewa, na nilitamani kumpiga. Nikamuuliza atafungua kwa kiasi gani. Akasema kodi ya miezi miwili, ile mingine atapambana na Kimotho mwenyewe. Nikahesabu pesa za mbao. Hazikufika, na hapo sijagusa ada ya kutuma.

Nikampigia Lusweti, fundi mwenzangu, ambaye amekuwa akiitamani randa yangu ya umeme ya kulainishia mbao tangu niinunue. Hakuniuliza shida ni nini. Aliuliza kama waya wake bado ni mzima, kisha akataja bei ya kunitukana. Nikamwambia aende aichukue. Pesa zikaingia kwa simu tukiwa bado tumesimama dukani.

Muiruri alikuja na funguo, na mlangoni alisimama vilevile. Kompyuta iliwaka polepole mpaka nikaanza kuisemesha. Kisha akaunti ikafunguka yenyewe, bila kuuliza chochote. Trizah akaketi.

Kodi ilikuwa imekula karibu kila kitu. Kilichobaki kilitosha chuo kimoja.

"Chagua," nilimwambia.

Aliyasoma majina yote matatu kwa sauti ndogo, mara moja. Hakuniuliza kipi, na singejua. Akabonyeza. Tukatazama kile kiduara kikizunguka, mimi, yeye, Kimotho na majivu yake mikononi, hata Muiruri.

"Imeenda, baba."

Jibu la chuo hicho bado. Kilichotutoka ni hiki. Randa ya umeme, ambayo sasa naisikia ikilia kwa Lusweti. Kabati la mteja, ambalo nimeshalipwa mbao zake na mbao sina. Miezi miwili ya kodi ya nyumba nisiyolala. Na vyuo viwili kati ya vitatu.