Betri ya Parmuat

Kila asubuhi Nakhumicha alifungua duka lake la kuchapa barua pale Kitengela, akapangusa vumbi la malori ya saruji, akawasha kompyuta. Betri ndogo ya duara iliyotunza saa ilikuwa imekufa tangu 2001, basi kila ikiwashwa tarehe ilirudi Januari mosi, 1980. Mpaka abonyeze Delete, aingie kwenye mipangilio na kuandika tarehe ya leo, dukani na nje kulikuwa 1980. Nyumbu walipita mlangoni. Aliwafukuza kwa ufagio, maana walimchafulia veranda.

Naisiae, bibi mzee wa Kimaasai, mjane wa jirani, alikuja kuchapa malalamiko. Hati ilisema mumewe, Parmuat, aliuza shamba lao mwaka 1996. Parmuat alifariki 1991.

"Kidole cha maiti nani alikitia wino?" aliuliza kwa uchungu.

"Kokoo, kesho kuja mapema," Nakhumicha alisema, akimwita nyanya kwa Kimaasai, "kabla sijaset tarehe. Na karani wa mashamba akuje."

Kesho yake Parmuat aliingia na fimbo, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Takwenya," alimsalimu mkewe.

"Iko," Naisiae akaitika, na furaha ikamuuma kifuani.

Gakuru, karani kutoka Kajiado, alifungua faili. "Mzee, uliuza shamba?"

"Niuze, ng'ombe wakule wapi?"

Gakuru alichungulia skrini. "Shida ni moja. Huyu ni wa themanini. Shamba iliuzwa tisini na sita. Atakataa aje kitu hajafikia? Nileteeni yule wa tisini na sita."

Hakuna aliyeona kosa katika hoja hiyo. Nakhumicha aliingia kwenye mipangilio, akaandika 1996, akahifadhi. Kompyuta ikazima, ikawaka. Kiti kilikuwa kitupu. Nje ya dirisha Gakuru alijiona mwenyewe wa mwaka huo, angali mwembamba, ameshika ncha ya kamba ya kupimia shamba la Naisiae. Alijipungia mkono, kisha akaandika: *Muuzaji aliitwa kukana, hakufika.* Akafunga faili.

Fundi amekwisha kuleta betri mpya mara mbili. Nakhumicha humrudisha nayo. Wateja wamezoea kungoja nje mpaka Parmuat amalize chai. Kila siku humuuliza mkewe ng'ombe wamelala wapi.

"Hapa kwetu," Naisiae humjibu.

Kwa dakika kumi hizo za chai huwa ni kweli. Kisha Nakhumicha huandika tarehe ya leo, na ukuta ambao mwenye hati amelizungushia shamba hurudi mahali pake.