Komando Anakwenda Ukweni

Mbwa wapo wengi Mletele, lakini Komando alikuwa mmoja tu, na Anjelika hakuona sababu ya kuwaficha watu jambo hilo. Miaka mitatu mfululizo nguruwe pori hawakuonja hindi lake hata moja. Sikio la kushoto la mbwa huyo lilichanika akipambana na nguruwe dume, na mgeni akilitupia jicho tu, basi, kwisha habari yake. Anjelika anavuta kigoda, anasimulia tangu mwanzo.

Sasa binti yake wa pekee, Noela, akapiga simu kutoka Namtumbo. Amejifungua salama, mtoto wa kiume, mama aje amwone mjukuu. Halafu sauti ikashuka. Nguruwe wameingia shambani, wamekula karibu nusu ya mahindi, na wakiendelea hivyo nyumba nzima itakosa chakula cha mwaka.

"Naenda na Komando," Anjelika akamwambia kaka yake Pankrasi.

Pankrasi aliweka kikombe chini. "Ukweni? Na mbwa? Dada, wale ni Waislamu, watu wa swala tano. Ndiyo kwanza unakanyaga pale tangu Noela aolewe, halafu unashuka na mbwa. Watasema alikotoka mke wa mtoto wao hakuna adabu, na maneno yote atayabeba Noela."

Hilo lilimchoma. Noela aliolewa kule kwa minong'ono ya pande zote mbili, na Anjelika alikuwa ameapa kwamba hakuna mtu atakayepata sababu ya kumnyooshea binti yake kidole. Lakini mahindi je? Asubuhi anaamua kumchukua mbwa, jioni anaghairi. Alihangaika hivyo siku tatu, mpaka akina mama wa jumuiya ya kanisani wakamuuliza kama anaumwa. Siku ya nne akamfunga Komando kwenye mparachichi, akamwachia Pankrasi, akapanda basi na jogoo mmoja na doti ya khanga. Njia nzima roho ilimsuta.

Mzee Twaha, baba mkwe wa Noela, alimpokea uani.

"Shikamoo, mkwe."

"Marahaba, mkwe wangu. Karibu sana." Akampokea jogoo, kisha akachungulia barabarani nyuma yake. "Na mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu yupi?"

"Komando."

Anjelika alikosa pa kuweka macho. Mzee akamwongoza mpaka ukingoni mwa shamba. Palikuwa na kibanda kidogo, nguzo mbichi, nyasi mpya juu, bakuli jipya mlangoni.

"Nimekijenga mwenyewe," mzee akasema. "Noela ametusimulia habari za mbwa huyo mpaka tumezikariri. Ndani ya nyumba hatumwingizi, hilo tusifichane. Lakini mbwa wa kulinda shamba dini haijatukataza. Tuliona aibu kumwomba mkwe mbwa, tukasema atakuja naye mwenyewe."

"Nami nimeona aibu kuja naye," Anjelika akasema. "Nilidhani mtatuona hatuna adabu."

"Unakuja kulinda chakula cha mjukuu wako, mkwe. Adabu gani tena unaitafuta?"

Machozi yalimlengalenga Anjelika, akacheka papo hapo ili yasionekane. Kisha akatoa simu kwenye mkoba na kumpigia Pankrasi. Hakumwomba, alimwamuru.

Kesho yake mchana pikipiki ikaingia uani, tenga limefungwa nyuma, na kichwa cha Komando kimechomoza juu, sikio lake lililochanika likipepea. Aliruka chini, akamnusa Anjelika miguuni mara moja, akaelekea shambani bila kuonyeshwa njia. Anjelika alisimama wima, mikono kiunoni, majirani wote wamwone.

Wiki iliyofuata nyayo za nguruwe ziliishia ukingoni mwa shamba na kugeuka zilikotoka. Watu wakaja kumtazama mbwa. Siku hiyo Anjelika alikuwa mlangoni na mjukuu mikononi, akamwona Mzee Twaha anavuta kigoda.

"Hilo sikio mnaloliona," mzee akaanza, "Komando wetu alilipata siku alipozungukwa na nguruwe dume watatu."

Nguruwe alikuwa mmoja. Anjelika alimpakata mjukuu vizuri, akanyamaza, akasikiliza mpaka mwisho.