Nguzo ya Marlby na Shimo la Ostwick

Tangu afiwe na mumewe, Hester Pargeter ndiye aliyeutunza msalaba wa soko la Marlby, nguzo ya jiwe iliyosimama juu ya ngazi. Aliukwangua ukungu, akawafukuza vijana waliomwaga siki ya chipsi kwenye ngazi zake, na kila mgeni aliyeuliza aliambiwa kwamba ulisimamishwa papo hapo na watawa.

Chuma cha ndani ya nguzo kilipoliwa na kutu, mwashi Wilf Oddy akaja kuishusha nguzo. Haukupita muda akamwita.

"Bi Hester, hebu chungulia hapa."

Hester akainama. Mguu wa nguzo ulikuwa wa pembe nne. Shimo ulimosimama lilikuwa la duara, na pengo kati yao limeshindiliwa madini ya risasi na vigae vibovu.

"Maana yake nini?"

"Maana yake hawa wawili hawakuzaliwa nyumba moja."

"Acha utani, Wilf."

"Nani anatania? Shimo la Ostwick ndilo lenye pembe nne. Nimekaa kando yake mara ngapi nikila mkate wangu!"

Ostwick ni kijiji cha juu ya kilima. Wao wana ngazi na shimo tu, bila nguzo, na watu wa Marlby huwacheka kwa hilo. Hester alikata uzi kwa upana wa ule mguu, akapanda kilima huku akijiambia kwamba Wilf ameanza kuzeeka.

Aliyasogeza maua yaliyopandwa shimoni, na uzi ukaingia sawasawa. Akaugeuza upande wa pili. Ukaingia tena. Akakaa kwenye ngazi.

Mavis Thrupp, mwenyeji wa nyumba ya mkabala, akatoka na birika la kumwagilia maua.

"Eh, jirani! Sasa mmekuja kuchukua na ngazi zetu?"

"Kumbe mlijua?"

"Tulijua nini? Bibi yangu alisema mlituibia nguzo. Mjomba akasema tuliwauzia wenyewe, kwa pipa la bia. Baba alishikilia kwamba msalaba wetu ulivunjwa na askari na huo si wetu kabisa. Chagua mwenyewe."

"Lakini uzi umeingia!"

"Basi umeingia."

"Mnautaka?"

Mavis alitazama maua yaliyojaa shimoni. "Ukiileta hiyo nguzo, haya nitayapeleka wapi?"

Hester alishuka kilima asijue kama ameponea au amenyimwa. Alitaka kuona aibu, lakini hakujua amwonee nani. Wilf alikuwa akimngoja, nguzo imelala juu ya magunia.

"Niirudishe wapi, mama?"

Hester aliokota kigae kimoja, akampa.

"Hapahapa," akasema. "Na hivyo vigae virudishe vilevile, usivifiche kwa saruji."

Jumamosi, nguzo ikiwa imesimama, bwana mmoja na mkewe walimuuliza habari za msalaba huo. Hester alifungua kinywa, lakini ile hadithi ya watawa ikagoma kutoka.

"Umekuwa hapa siku nyingi," akasema. "Au ulikuwa kule juu. Hata sielewi. Kaeni hapo kwenye ngazi niwaeleze, halafu mniambie nyie mnaonaje."