Tumbaku Imemlevya

Elieth hakwenda kuomboleza. Alikwenda kuchukua vidonge, msiba akaukuta tu: turubai limefungwa, wanaume wamekalia mabenchi ya kanisa la Moraviani, masufuria yanatokota nyuma ya nyumba. Alipoambiwa aliyezikwa ni Koleta, mke wa Gerson, alifungua orodha yake ya waliopewa vidonge hivyo, akalikuta jina hilo.

Huyu Elieth ndiye aliyeongoza kikosi cha serikali cha kufuatilia usalama wa dawa zilizoko sokoni, mkoani Tabora. Kazi yao si kutibu. Kazi yao ni kusikiliza: fulani kameza dawa kavimba, fulani kazimia, leteni taarifa. Masikio alikuwa nayo, ila majivuno yalikwisha kuyaziba. Levina, muuguzi wa zahanati ya kijiji hiki nyuma ya Usoke, alimpigia simu mapema tu: wagonjwa wa presha waliopewa vidonge vipya wanatapika, wanaona kizunguzungu. Elieth akacheka. Msimu wa kuchuma tumbaku, majani mabichi yamelowa umande, sumu yake inapenya ngozini, nani kule hatapiki?

"Tumbaku imewalevya, dada. Wape maziwa, wapumzike."

Levina alipopiga tena, aliambiwa asimjazie malalamiko mezani. Mpaka malalamiko yaleyale yalipotoka Kitete, hospitali ya mjini, kwa watu ambao shamba la tumbaku hawajalikanyaga, ndipo bibi mkubwa alipovipeleka vidonge maabara. Majibu yalikuja: dawa imezidi, kila kidonge kina nguvu ya viwili. Ndivyo hivyo alivyokuja kuvichukua.

Gerson alimtolea kiti chenye mto.

"Shikamoo, mzee. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Serikali kuja hadi huku kutupa pole? Mungu awabariki."

Elieth alitamani ardhi ipasuke. Alitafuta pa kuanzia asipaone, maana kusema "msivimeze" ni kuulizwa "mbona hukusema mapema?"

Sasa, msiba wa Wanyamwezi bila watani haujatimia, na utani wao na Wagogo ni wa tangu babu zao walipopita Ugogo na mizigo ya misafara. Silasi, Mgogo wa pale stesheni ya reli, alisimama katikati na kanga ya marehemu mabegani, akaweka kiatu sikioni.

"Haloo, Levina? Unasema Koleta amekufa? Hajafa huyo, tumbaku imemlevya. Mpe maziwa."

Watu wakavunjika mbavu. Maneno ya simu ile kijiji kizima kiliyajua. Aliyeyasema hawakumjua, kwa kuwa Levina hakuwahi kumtaja. Levina alikuwa kwenye masufuria, akainamisha kichwa. Kumbe alikuwa anamsitiri mtu aliyemfokea. Hilo lilimuuma Elieth kuliko kicheko.

"Mgogo mwenzangu," Silasi akamwita Elieth, kwa kuwa lafudhi yake alikwisha kuitambua, "umekaa kama mkwe. Inuka unisaidie."

Akainuka.

"Huyo wa kwenye simu ni mimi."

Kicheko kilichofuata kilitikisa turubai. Mgogo kajua kutania. Gerson naye alicheka hadi akajifuta macho kwa mkono wa shati, na mama mmoja akamnong'oneza Elieth, "Asante, mwanangu. Tangu mkewe afe hajacheka huyu."

Basi Elieth akakaa. Ndiyo, alikaa. Ukweli kausema, wasipousadiki ni shauri lao. Ndivyo alivyojidanganya, na kwa pumzi moja hivi alijisikia mwepesi. Kisha akajichukia.

Chakula kikaletwa. Gerson akaomba maji, akatoa pakiti kwenye mfuko wa shati. Mle nyumbani presha ilikuwa ya wote wawili. Kidonge kilikuwa kimekaribia mdomo Elieth alipomdaka mkono, maji yakawamwagikia wote.

"Usimeze, mzee. Dawa hii ni mbaya. Sikuwa natania, ni mimi niliyesema ni tumbaku. Na yeyote mwenye hivi vidonge asivimeze, avilete hapa."

Mwanzo walicheka tena, kisha kicheko kikakatika benchi kwa benchi. Silasi alishusha kiatu. Wanawake wawili waliondoka mbio kuelekea makwao.

Gerson hakumfokea, na afadhali angemfokea. Alikiweka kidonge kwenye kiganja chake Elieth, akamkunja vidole taratibu.

"Koleta alivikataa," alisema. "Mimi ndiye niliyemlazimisha. Nilimwambia, mke wangu, meza, wakubwa wamesema ni tumbaku."