Mbwa wa Shamba

Kijijini kwa Mwantumu mbwa hawana wenyewe. Wapo, tena tele. Siku ya gulio wanazagaa katikati ya mafungu ya nyanya, wanakojolea magunia ya mahindi na kugombania utumbo kwenye banda la nyama, lakini ukiuliza huyu ni wa nani, watu wazima wenye akili zao watakujibu kwamba hajulikani. Subiri sasa mahindi yaanze kubeba, ngedere washuke na nguruwe waanze kufukua. Hapo utaona kila dungu la kulindia shamba lina mbwa wake, anaitwa kwa jina na anasongewa ugali wa pumba. Mahindi yakishaingia ghalani, mbwa anarudi kuwa wa Mungu.

Mwantumu alikuwa mtendaji wa kijiji hicho, kata ya Sindeni, huu mwaka wa sita, na suala la mbwa lilikuwa limemchosha kuliko migogoro ya mipaka na michango ya madarasa ikiwekwa pamoja. Alikwishatangaza kwa kipaza sauti. Alikwishabandika karatasi kwenye mlango wa ofisi, kwenye nguzo ya umeme na kwenye ukuta wa mashine ya kusaga: fungeni mbwa wenu siku ya gulio. Watu walisoma, wakawasikitikia hao wenye mbwa, wakaenda zao. Mwaka jana alimfuata mtu mmoja mpaka nyumbani, akamkuta mbwa amelala mlangoni, kichwa kakilaza juu ya kandambili za mwenye nyumba. "Mtendaji," mwenye nyumba akasema bila kupepesa macho, "huyu analala tu hapa. Si wangu." Mwantumu alisema haya, akaaga. Hakuwa na nguvu za kubishana na mtu na kandambili zake.

Jumamosi moja mbwa mwekundu mwenye utepe wa buluu shingoni alimuuma Hajira.

Hajira alikuwa muuza vitumbua, mjane wa miaka arobaini na kitu, mwepesi wa utani na mkono wake haukubania iliki. Jiko lake lilikuwa mbele ya mashine ya kusaga, mkabala na ofisi ya kijiji, na hapo ndipo Mwantumu alipokunywa chai kila asubuhi kwa miaka yote sita. Siku hiyo Hajira alikuwa ameinama anapuliza moto. Mbwa akamtokea nyuma, hakubweka wala hakuchokozwa, akamng'ata shavu la mguu na kung'ang'ania. Walimtwanga kwa ubao wa benchi ndipo akaachia. Karai lilipinduka, vitumbua vikamwagika mchangani, na Hajira akakaa chini akiangalia damu inavyojaa kwenye kiatu.

Mwantumu alimshika mkono akampeleka bombani. Aliosha jeraha kwa sabuni kama bwana mifugo alivyowahi kuwafundisha, robo saa nzima, povu juu ya povu, huku Hajira akipiga mayowe na kumtukania mbwa ukoo wake wote. Alipomaliza akageuka.

"Mbwa wa nani?"

Kila mtu aliona kumbe nyanya zake zinahitaji kupangwa upya.

"Mbona ana utepe," Rosina, muuza nyanya, akasema hatimaye. "Huyo kachanjwa. Haina shida."

Watu wakashusha pumzi. Miezi mitatu nyuma Obadia, bwana mifugo, Mshambaa mpole wa kutoka milimani, alikuja na boksi la barafu akachanja mbwa wa kijiji bure, na kila aliyechanjwa alifungwa utepe wa buluu. Mwantumu mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba mbwa asiye na utepe atauawa. Kwa hiyo utepe ulikuwa ushahidi, na ushahidi ule uliwafaa watu wote, hata aliyeumwa.

"Kama kachanjwa, niende Korogwe kufanya nini?" Hajira akauliza. Sindano za kichaa cha mbwa hazikuwepo kwenye zahanati yao. Ilibidi kwenda mjini, na si mara moja, ni kwenda na kurudi wiki kadhaa. "Nani atanichomea vitumbua? Mtendaji, wewe unasemaje?"

Mwantumu alikuwa ameona kitu. Mbwa yule alipoachia mguu wa Hajira hakukimbilia porini. Alikimbia moja kwa moja mpaka miguuni kwa mzee mmoja mwenye kanzu aliyesimama pembeni ya watu, akatikisa mkia. Mzee akamsukuma kwa fimbo, "Toka!" huku akiangalia mbali, kama mtu ambaye hajawahi kumtia yule mnyama machoni. Mzee huyo alikuwa Muhidini, mjomba wake Mwantumu.

"Ngoja kwanza nimuulizie mwenyewe," Mwantumu akasema.

Kwa Wazigua mjomba si mtu wa kujibizana naye, na huyu alikuwa zaidi ya mjomba. Mama yake Mwantumu alipofariki, Muhidini ndiye aliyemchukua, akamsomesha, akasimama kwenye nikaha yake. Jioni alifundisha watoto msahafu. Mbwa wa kulinda shamba haikuwa dhambi, na mafundisho hayo aliyajua kuliko mtu yeyote pale kijijini. Lakini haya ni haya. Mtu anayetoka kutawadha akaingia safu ya mbele hapendi aonekane njiani na mbwa nyuma ya visigino vyake.

Jumapili Mwantumu alikwenda kwake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Karibu chai."

Walikunywa chai. Waliulizana hali za watoto, za mahindi, za mvua iliyokuwa ikipiga chenga. Kisha Mwantumu akasema, "Yule mbwa mwekundu wa jana."

"Mbwa gani?"

"Aliyemuuma Hajira."

"Ah, yule." Mzee alipuliza chai iliyokwishapoa. "Mbwa wa shamba tu yule. Wa huko bondeni."

"Bondeni kwa nani, mjomba?"

"Mashamba ni mengi bondeni, mama. Halafu si ana utepe? Kachanjwa huyo. Usijitie presha."

Mwantumu alikuwa amemwona mbwa yule kwa macho yake, chini ya dungu la mjomba, akilamba sufuria. Swali moja tu lilibaki, kama kweli alimchanjisha, nalo lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa amechoka, na mjomba huulizwi mara mbili. Alimaliza chai yake akaondoka, na alipopita kwa Hajira akamwambia, "Inaelekea kachanjwa." Hajira akamshukuru Mungu, akaloweka mchele wa kesho.

Jumatatu asubuhi, akiwa kwenye dirisha la ofisi, Mwantumu alimwona mjomba wake amesimama kwenye jiko la Hajira kama kawaida yake.

"Mguu unaendeleaje, mwanangu?"

"Unapona baba. Dua zenu."

Mzee alipokea vitumbua vyake kwenye karatasi, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, akaenda zake. Jumanne ikawa vile vile: mguu unaendeleaje, unapona baba, karatasi, kusimama kidogo. Mwantumu alifunga dirisha kwa kisingizio cha vumbi.

Mchana wa Jumanne alimpigia simu Obadia amsomee orodha ya waliochanjisha. Ilikuwa na majina arobaini na moja. La Muhidini halikuwepo.

"Labda alipelekwa na mtu mwingine," Obadia akasema. "Huko kwenu bwana mtu analeta mbwa wa jirani, anaandikisha jina la marehemu shangazi yake. Mimi nilishakata tamaa. Kwani kuna shida?"

"Hapana. Nitamuuliza mwenyewe."

Hakumuuliza. Alikuwa na kikao cha maji saa tisa, na baada ya kikao kulikuwa na wageni wa kata, na baada ya wageni alijiambia kesho. Ukweli ni kwamba aliogopa jibu, na uchovu ulimpa pa kujificha.

Jumatano mjomba akaja mwenyewe ofisini. Hakuwa na kofia, na Mwantumu hakukumbuka lini mara ya mwisho alikiona kichwa cha mjomba wake kitupu mchana. Alikaa kwenye kiti cha wenye malalamiko.

"Mbwa hali kitu tangu jana," akasema.

"Mbwa gani, mjomba?"

Mzee aliangalia sakafu. Mwantumu alimwacha aiangalie. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumsaidia.

"Nimemfunga kule bondeni. Anatafuna vijiti, udenda unamtoka. Nimemwita jina lake, ananitazama kama hanijui."

"Alichanjwa?"

"Siku ile ilikuwa Ijumaa," Muhidini akaanza, na ikatoka yote, polepole. Alikuwa amemleta kweli, na kamba shingoni, mpaka kwenye kona ya mashine. Akaona foleni inapita mbele ya msikiti. Akaona wanafunzi wake, akaona wanaume wanakuja swala na mikeka yao, na yeye yuko na mbwa mkononi. Akageuza. Njiani akaukuta utepe umeanguka, umekatika kwa mbwa wa mtu, akauokota akamfunga wake, maana lilikuwepo lile tangazo la kuua. "Nikasema mwakani nitamchanjisha. Mwakani nitajitahidi."

Hasira zilimpanda Mwantumu. "Siku nne, mjomba! Siku nne umenyamaza, na unakula vitumbua vyake!"

"Kila asubuhi nilikuwa nakwenda kumwambia," mzee akasema. "Nikifika namuuliza mguu, ananiambia unapona. Basi nasema, labda."

Mwantumu alimpigia Obadia, akamwambia aje na mtu wa bunduki na asiruhusu yeyote kumgusa mbwa yule. Kisha akavuka barabara. Hajira alikuwa anageuza vitumbua.

"Zima moto twende Korogwe," Mwantumu akamwambia. "Utepe haukuwa wake. Mbwa hakuchanjwa, na sasa anaumwa."

Alitegemea kelele. Hajira alimtazama, akamtazama na mzee aliyesimama nyuma yake bila kofia, akaelewa bila kuelezwa. Alitoa vitumbua vilivyoiva akavipanga kwenye sahani, akamwaga maji kwenye moto, akafunga khanga. Njia nzima ya Korogwe, watatu wamekaa kiti kimoja cha nyuma kwenye gari la kukodi, Hajira alitazama barabara.

Hospitalini walipokelewa na muuguzi kijana, Loyce, mwenye fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Uliumwa lini, mama?"

"Jumamosi."

"Leo Jumatano," Loyce akasema, si kwa ukali. "Ungekuja siku ile ile. Lakini tunaanza sasa hivi, wala usikate tamaa, watu wanachelewa na wanapona. Ila usiruke hata tarehe moja. Mbwa anafahamika? Ni wa nani?"

"Wangu," Muhidini akasema. Alisema kwa sauti kubwa, kama aliyekuwa akilifanyia mazoezi neno hilo kwa muda mrefu. "Muhidini. Mbwa ni wangu mimi."

Loyce aliandika bila kuinua kichwa. Kwake lilikuwa jina tu la kujaza mstari. "Alichanjwa?"

"Hapana."

Hajira alichomwa sindano za kuzunguka jeraha, na nyingine mkononi. Alikuwa mtu wa kupiga mayowe akiguswa na sabuni, lakini safari hii alitulia tuli, ametoa macho ukutani. Alipotoka akakaa benchini kati yao, kwa kuwa ndiyo nafasi iliyokuwepo.

"Nisamehe, mwanangu," mzee akasema.

"Nitakusamehe baba, nikishapona."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Hajira akamgeukia Mwantumu.

"Na wewe? Ulijua lini?"

Jibu la uongo lilikuwa karibu, tena jepesi. Leo asubuhi. Mjomba asingempinga, na wengine waliomwona mbwa yule akitikisa mkia wasingesema. Mwantumu aliwakumbuka watu wote aliowahi kuwabandikia karatasi na kuwalaumu kimoyomoyo, akaona yeye ni mmoja wao tu, tena mwenye muhuri.

"Jumamosi," akasema. "Nilimwona akimkimbilia mjomba. Nilijua ni wake. Utepe ndio sikuujua, lakini sikuuliza. Nilikuwa nimechoka, Hajira."

"Ulikuwa umechoka."

"Ndiyo."

Hajira alifikiri kidogo, kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na utani ndani yake. Hakumtukania ukoo. Mwantumu alitamani amtukanie.

Loyce alitoka na kadi. "Unarudi Jumamosi hii, mama. Halafu kuna tarehe mbili nyingine, nimekuandikia hapo. Safari si fupi, ni vizuri uwe na mtu. Nimwandike nani, huyu dada uliyekuja naye?"

Hajira aliipokea kadi, akaikunja mara mbili, akaichomeka kwenye pindo la khanga.

"Hapana," akasema. "Nitakuja mwenyewe."