Kandili Nyeupe za Hoi An

Wifi yangu Aneth alirudi kutoka Vietnam amekonda, na picha nyingi kuliko nguo. Mimi nilimwagiza viatu. Hakuleta. Alileta kandili, na hata hizo hazikuwa za kushika mkononi, zilikuwa ndani ya kamera.

Studio yetu ni chumba kimoja hapa Mkonze, pembeni ya mji wa Dodoma. Aneth ni dada wa mume wangu. Yeye anapiga picha, mimi nazisafisha, nazichapa na kugombana na wateja. Harusi, kipaimara, mahafali, misiba, kote tunakwenda. Mwaka huu akapata nafasi ya mafunzo huko Asia, na kila jioni baada ya darasa akawa anazunguka na kamera katika mji mdogo unaoitwa Hoi An.

Kusema kweli picha zenyewe ni nzuri. Kuna mtaa mwembamba wenye kuta za njano, kandili za hariri zimetundikwa kwenye kamba kutoka paa hili hadi lile, nyekundu, kijani, nyingine rangi ya ubuyu. Kuna mama amekaa ndani ya mtumbwi, anauza vikasha vya karatasi vyenye mshumaa, na vilivyokwisha kununuliwa vinaelea mtoni nyuma yake bila mwenyewe. Kuna ya mvua, barabara imelowa na kila taa ina mwenzake chini. Sisi ambao mvua ikinyesha tunaishukuru kanisani kwa jina, hiyo niliitazama sana.

Lakini nilimwambia ukweli pia. Picha hizi kila mgeni anayefika huko anazipiga, zinafaa kalenda. Alininunia siku nzima, halafu akakubali.

Isipokuwa moja. Hiyo inaonyesha mlango wa nyumba ya zamani, huku na huku kandili mbili kubwa nyeupe zenye maandishi meusi. Katikati amesimama mzee mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, mikono yote miwili ameinyoosha mbele, ameinama kidogo, na anamtazama mpiga picha usoni. Nyuma yake kuna moshi kidogo na watu waliofunga vitambaa kama chake. Mimi niliyekwisha kuchapa nyuso za watu mpaka zikanichosha, ule uso sikuchoka kuutazama.

"Baba mzaa bibi harusi," Aneth alituambia. Alikuwa anapita zake akasikia matarumbeta na ngoma. Akaona turubai, viti vya plastiki, watu wanakunywa chai, na kila aingiaye anatumbukiza bahasha kwenye sanduku. Mtu wa Dodoma akishaona turubai, matarumbeta na weupe wa namna ile, aambiwe nini tena? Akatumbukiza bahasha na yeye. Wakampokea, wakamkalisha, wakampa chai. Mzee alipotokea mlangoni, Aneth akasimama akapiga vigelegele virefu, vya kwetu hasa. Watu wote wakanyamaza. Ndipo yule mzee akamwinamia na mikono miwili, naye akapiga picha.

Kisa hicho alikisimulia kila mahali, mpaka kwenye mazoezi ya kwaya, na kila alipofika mwisho alivipiga tena vile vigelegele. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Sasa, wifi yangu ana kidonda chake. Mji mzima unamwita "yule dada wa picha za harusi", na hapendi. Chuo kimoja hapa mjini kilipomkubalia ukumbi afanye maonyesho yake ya kwanza, aliichapisha ile ya kandili nyeupe kubwa kuliko zote, akaiweka na kwenye tangazo. "Wifi," akaniambia, "hii moja ndiyo itakayofanya waniite mpiga picha." Hakuwa anatania. Nimemjua miaka mingi na sijamwona akitaka kitu namna ile.

Siku yenyewe ilikuwa ya Julai, upepo wetu wa vumbi unagonga madirisha. Tulikuwa tumemaliza kutundika, tunamsubiri mgeni rasmi, akaingia Dokta Optatus, mwalimu wa chuo hicho. Alikuwa ametoka likizo kwao siku hiyohiyo, na alikuwa amesikia kwamba kuna picha za Vietnam, nchi aliyosomea.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, binti. Hongera kwa kazi."

Akapita taratibu, anatabasamu, anatuonyesha mitaa aliyowahi kutembea. Alipofika kwenye ile kubwa akasimama. Akavua kofia.

"Poleni," akasema. "Nani alifariki?"

Aneth akacheka. "Hiyo ni harusi, Dokta. Huyo ni baba wa bibi harusi."

Dokta hakucheka. "Kandili nyeupe kama hizi wanatundika penye msiba. Hivyo vitambaa vya kichwani wanafunga wafiwa."

"Lakini kulikuwa na matarumbeta!"

"Yanapigwa msibani."

"Na bahasha?"

"Rambirambi. Kama sisi tu."

Aneth akaisogelea picha. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo siijui kwake, "Mezani kulikuwa na picha ya bibi mmoja, wameizungushia matunda na maua. Nilidhani wanamheshimu tu kwa kuwa ni mkubwa wa nyumba."

"Basi ndiye," Dokta akasema.

Wifi yangu akakaa juu ya boksi la fremu. "Gladness," akaniambia, "nilipiga vigelegele."

"Najua."

"Mwenzangu kafiwa na mke, mimi napiga vigelegele. Halafu nikamwelekezea kamera."

Mimi ndiye mwenye kichwa cha biashara, nikasema nilichoona kinafaa. Nikamwambia hapa hakuna anayejua zaidi ya Dokta, na Dokta si mtu wa maneno. Tangazo limeshasambaa. Watu wanakuja kuiona hiyo hiyo. Nilisema kwa ukali, maana niliona anakoelekea na sikutaka afike.

Tuna sharti moja studioni, alilianzisha yeye. Picha za harusi tunazibandika dirishani, wapita njia wazione. Za msiba, hapana. Za msiba zote tunawapelekea wafiwa, na kwetu habaki nazo mtu. Siku moja nilibandika picha ya jeneza kwa sababu maua yake yalikuwa yametoka vizuri, Aneth akaibandua mbele ya wateja na hakusema nami mpaka jioni. Tangu hapo hata mimi nawaambia watu: ya msiba ni ya wenyewe.

Akapanda juu ya kiti akaitungua. Nilimshikia kiti. Ukutani pakabaki msumari na nafasi kubwa tupu, katikati kabisa, pale macho ya mtu yanapoanzia akiingia.

Pichani, pembeni ya mlango wa yule mzee, kulikuwa na kibao cha namba na jina la mtaa. Dokta akakisoma, akasema atatuandikia anwani ya posta.

"Itafika?" Aneth akauliza.

"Itafika."

Aneth akamsimulia kisa chote, safari hii bila vigelegele. "Dokta, mbona hawakunifukuza?"

Dokta akapapasa ukingo wa kofia. "Ulitoa rambirambi. Ulikaa nao. Mzee alipotoka ulisimama, ndipo ukatoa ile sauti. Nadhani walijua ndivyo mnavyolia kwenu."

Aneth akajifunika uso kwa mtandio. Alilia, na mimi ambaye si mtu wa kulia nililia naye, mkono wangu mgongoni kwake.

Mgeni rasmi alifika na watu wake, mama wa makamo kutoka ofisi ya utamaduni. Akazunguka, akasifia mto, akasifia mvua, kama sisi sote. Alipofika kwenye msumari akauliza, "Na hapa mbona wazi? Si palikuwa na ile ya kwenye tangazo?"

"Tumeiondoa, mama," Aneth akasema. "Ni ya msiba."

Yule mama alielewa kama ambavyo mtu yeyote wa hapa angeelewa. Akamshika mkono. "Poleni sana, mwanangu. Nani?"

Nilingoja wifi yangu aanze kueleza habari za Hoi An, matarumbeta na vitambaa. Hakueleza.

"Bibi mmoja," akasema. "Nilichelewa kujua."

Mkubwa akishatoa pole, wengine hawakai nyuma. Wakapanga mstari, watu wa maofisini, wanafunzi, wanakwaya wenzetu waliokuja kuona kandili, kila mmoja anakuja na mkono wake na pole yake. Aneth alisimama chini ya msumari akawapokea, mmoja mmoja, mikono yote miwili mbele, ameinama kidogo, anamtazama kila mtu usoni.

Kamera yake ilikuwa shingoni mwangu, imewashwa. Ingekuwa picha nzuri kuliko zote alizorudi nazo, na uso ule nilikuwa nimeshauona. Nikaizima.